Golori Kando ya Goti

Mama yangu na mume wangu waliishi nyumba moja, Buzebazeba mjini Kigoma, miezi kumi na minne bila kutazamana usoni. Hawakugombana hata siku moja. Walikuwa wanaheshimiana tu, na heshima yenyewe ilikuwa nene kiasi kwamba mimi niliyekuwa katikati sikupumua.

Kwetu Wabembe, mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe, hampi mkono, wala hapiti karibu na alipoketi. Nilipoolewa na Muha nilidhani nimepata nafuu. Kumbe na wao wana yao, na Feliksi wangu alilelewa na bibi yake kule Simbo, bibi wa zamani hasa. Basi asubuhi mume wangu akitaka kwenda uani kuoga, anakohoa mara mbili mlangoni. Mama akisikia kikohozi anajivuta na mkeka wake mpaka nyuma ya jiko. Mama naye akitaka kutoka, anagonga sufuria kwa mwiko, Feliksi anakimbilia chumbani. Majirani walidhani nyumba yetu ina kifua kikuu na njaa kwa pamoja.

Mama aliitwa Elida. Alikuwa mwanamke mdogo, mfupi, mwenye kucheka kwa pua, na viatu vyake nilimnunulia kwenye meza ya viatu vya watoto wa shule. Kumbuka hayo ya viatu.

Vita vya mwaka tisini na sita vilimkuta kijijini kwetu, mlimani nyuma ya Baraka, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimetangulizwa ufukweni na shangazi. Baba yangu, Bonifasi, na kaka yangu mkubwa, Shukrani, waliuawa siku moja. Mama aliwazika peke yake, kwa jembe la kulimia mihogo, makaburi mawili yasiyo na msalaba wala jiwe. Aliogopa kuweka alama, maana watu wale walikuwa wanafukua kila palipo na alama wakidhani pamefichwa mali. Akasawazisha udongo, akatandaza majani juu, akashuka mlima, akapanda boti akanifuata Kigoma. Hakuna mtu mwingine aliyejua walipolala. Alikuja nayo siri hiyo kama mtu aliyebeba yai kiganjani, na kwa miaka yote niliyoishi naye sikumwona akiiweka chini.

Tulikaa Lugufu, kambi ya wakimbizi. Kuni za Lugufu zilikuwa mbali, na kila mwaka zilizidi kuwa mbali, na mwenye kuzifuata alikuwa mama. Goti la kushoto likaanza kuvimba. Baadaye likapinda kuelekea ndani, akawa anatembea kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Wakati huo mimi nilikuwa nakwenda hospitali ya misheni kuwatafsiria wagonjwa wa kambini, na huko ndiko nilikompata Feliksi, mpiga picha za eksirei. Alikuwa mpole na mikono yake ilinuka dawa ya kusafishia filamu. Mwaka wa 2006 mama akapewa kibali cha matibabu, akaja kukaa kwetu.

Mwaka huohuo watu wetu walikuwa wameshaanza kurudi Kongo kwa meli za wakimbizi. Mmoja wao alikuwa Bonaventura, mtoto wa dada yake mama. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata akatuma salamu kwa wenye boti kwamba nyumbani kuko shwari, na watu wameanza kulima tena. Wamelima chini, wamemaliza, sasa wanapanda juu. Mvua zijazo zikianza, wataingia mteremko wa kwetu.

Mama alipousikia ujumbe huo aliacha kula. Nilimuuliza ana nini.

"Jembe litawafikia," alisema. "Watawachimbua baba yako na Shukrani kama viazi. Lazima nifike mbele yao, niweke mawe mawili. Mawe mawili tu, Mapendo."

Nikamwambia aeleze mahali, Bonaventura atafanya. Akanitazama kama mjinga. Miaka kumi ya msitu imepita pale, miti imeota, mingine imeanguka. Mahali pale palikuwa miguuni mwake, si mdomoni. Alisema akisimama juu ataona, na asiposimama juu hataona.

Na njia ya kufika juu si mchezo. Kuna mahali tunapaita Ngazini, kijito kimekata mwamba, mtu hupita mmoja mmoja, ubavu ubavu, akishika jiwe kwa mikono na kuinua goti mpaka tumboni. Hapo mtu habebwi, na mama alikuwa hawezi kuinua goti hata kuvuka kizingiti cha mlango wetu.

Ndipo Feliksi akaniletea habari ya Daktari Hamdani. Huyu alikuwa bingwa wa mifupa kutoka Dar es Salaam aliyekuja hospitalini kwao kila Agosti na wenzake, wiki moja, kubadilisha viungo vilivyokufa. Goti lililolika wanalikata miisho ya mifupa, wanavisha chuma na plastiki, na mtu anatembea. Feliksi alikuwa ameona kwa macho yake wazee waliokuja kwa machela wakiondoka kwa fimbo. Akasema, "Mwambie mama." Nikamwambia mama, na mama akasema, "Mwambie mukwe aksanti." Walikuwa wametenganishwa na pazia, wakisikiana vizuri kabisa.

Sasa goti la chuma lina saizi, kama kiatu. Daktari hawezi kupanda ndege na duka zima. Kwa hiyo picha hupigwa miezi mitatu kabla, mpigaji anapima upana wa mfupa, anampelekea daktari vipimo na filamu, na daktari anakuja na saizi tatu kwa kila mgonjwa: ile iliyopimwa, moja juu yake na moja chini yake.

Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli huongopa. Feliksi alinionyesha hilo siku moja umeme ulipokatika, kwa koroboi na mkono wake. Mkono ukiwa karibu na ukuta, kivuli kinalingana na mkono. Ukiusogeza kuelekea kwenye taa, kivuli kinakua. Mfupa wa goti uko juu kidogo ya filamu, kwa hiyo kivuli chake hutoka kikubwa kuliko mfupa, na hujui ni kikubwa kwa kiasi gani. Dawa yake ni golori. Unachukua golori ya chuma ambayo upana wake unaujua, ya kwao ilikuwa milimita ishirini na tano, unaibandika kwa plasta ubavuni mwa goti, usawa uleule wa mfupa. Golori na mfupa vitakua pamoja. Ukiona golori imekua kiasi gani pichani, unajua mfupa nao umekua kiasi gani, unapunguza, unapata ukweli.

Shida ni kwamba lazima iwe usawa wa mfupa. Ikiwa chini, karibu na filamu, golori haikui sana, na mfupa unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Feliksi alilijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Siku ya picha ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano. Filamu zilitakiwa ziondoke siku hiyohiyo na gari la hospitali kwenda uwanja wa ndege. Muuguzi Melania, ambaye ndiye huwaandaa wanawake, aliitwa wodi ya wazazi. Kulikuwa na mama anatoka damu. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na chumba cha picha mjamzito haingii. Nilibaki kwenye benchi nje ya mlango. Ndani wakabaki wawili, mama yangu na mkwe wake.

Nilisikia kila kitu. Feliksi aliweka mitambo mapema, akachora alama ya msalaba kwa chaki mezani, akatoka kwa mlango mwingine ndipo mama akaingia. Halafu akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya kile kizuizi cha madini ya risasi kinachokinga miale, uso ukutani.

"Mama," alisema, "panda, weka mguu kwenye alama."

"Nimeweka, mukwe. Usigeuke."

"Sigeuki. Hapo mezani kuna golori. Iweke kando."

"Kando ya nini?"

Mume wangu, mtu aliyewahi kushika mapaja ya watu elfu mbili kwa kazi, hakuweza kulitamka goti la mama mkwe wake. Na plasta ilikuwa mfukoni mwake.

"Kando ya… hapo, mama. Kwenye alama."

"Nimeiweka."

Akabonyeza. Mtambo ukavuma. Mama akashuka, akajifunga kitenge chake, akagonga mlango kwa fimbo ili mkwe ajue anatoka. Alitoka akicheka kwa pua kama msichana aliyefanikiwa kuiba sukari.

Golori aliiweka mezani. Angeiweka wapi? Uliambiwa weka kando, unaweka kando. Na filamu haisemi kama golori ilikuwa juu au chini; inaonyesha duara jeupe safi pembeni ya mfupa, basi. Feliksi akapima kwa rula yake, akapiga hesabu, mfupa ukatoka milimita sabini na mbili. Akaandika.

Siku nne baadaye Daktari Hamdani alimpigia simu. Feliksi alinisimulia mwenyewe, na alinisimulia akiwa ameketi sakafuni, baada ya yote kuharibika. Daktari aliuliza, "Huyu Elida, sabini na mbili? Hilo ni goti la mwanamume mrefu. Ni mama mkubwa wa umbo?"

Na mume wangu hakujua. Walikuwa wameishi nyumba moja karibu mwaka mzima. Alizijua hatua zake, kikohozi chake, harufu ya ugali wake. Umbo lake hakulijua, maana hakuwahi kulitazama. Akamjibu, "Ni mtu mzima, daktari. Ni mama mkwe wangu." Daktari akacheka, akasema amwambie mama ajiandae.

Mama alijiandaa. Julai nilijifungua mtoto wa kiume, tukampa jina Shukrani, na mama alikuwa akimnong'oneza kwamba atakwenda kumwona mwenye jina. Alishajiandikisha kwenye meli ya mwisho wa Septemba, ili awahi mvua. Alimtuma mtu ufukweni Bangwe akamletea mawe mawili ya ziwani, meupe, laini, kila moja kama mkate. Nikamwambia kwenu kumejaa mawe. Akasema ya kule yameona mambo mengi, anataka yasiyojua kitu.

Agosti ikafika. Walimlaza, wakamvika gauni la kijani, hakula tangu jana yake. Asubuhi ya upasuaji Daktari Hamdani alipita kitandani, akafunua shuka, akaangalia mguu wa mama yangu, mguu mwembamba kama wa mtoto wa darasa la nne. Akafunika. Akaagiza picha nyingine, na safari hii aliibandika golori kwa mikono yake.

Sitini na tatu.

Saizi tatu alizokuja nazo zote zilikuwa kubwa. Hata ndogo yao ingening'inia kwenye mfupa wa mama kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Na za wagonjwa wengine hazikulingana pia. Daktari hakumfokea mtu. Alimuuliza Feliksi golori ilikaa wapi, Feliksi akasema hakuona. Akamwandikia mama arudi mwakani.

Nilikasirika, sifichi. Niliwakasirikia wote wawili. Wazee husema heshima si utumwa, na mimi nikasema siku ile kwamba hii yao ilikuwa utumwa, tena utumwa wa macho, na kwamba makaburi ya baba yangu yatalimwa kwa sababu watu wazima wawili waliogopa goti. Nilisema hayo jikoni kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Feliksi alikuwa sakafuni sebuleni, kichwa mikononi.

Aliyejibu ni mama. "Mapendo, mwache bwana yako. Ni mimi nilimwambia asigeuke. Kama angegeuka, goti lingepona, mi ningekufa haya palepale mezani."

"Bora haya kuliko hivi," nikasema.

"Wewe umekulia kambini," akasema mama. "Hapa tulibakiwa na nini kingine cha kushika?"

Nilimbeba mtoto nikatoka uani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tulimsihi asubiri mwaka mmoja. Akasema majembe hayasubiri. Siku ya meli tulimpeleka bandarini, mimi na mtoto mgongoni, Feliksi amebeba mzigo hatua kumi nyuma yetu, kama kawaida yake. Daraja la kupandia melini lilikuwa na mwinuko mkali, na watu walikuwa wengi, wanasukumana na magodoro na kuku. Mama aliinua mguu wa kulia, wa kushoto ukakataa. Akajaribu tena. Nyuma watu wakaanza kupiga kelele. Mimi nina mtoto, sina mikono.

Mama akajifunika uso wote kwa kitenge, akasema bila kugeuka, "Mukwe. Nibebe."

Feliksi aliweka mzigo chini. Akambeba mama yangu mikononi, akapanda naye daraja lote, akamketisha juu ya gunia, akashuka. Alipofika chini alikuwa analia wazi mbele za watu, na alichoniambia ni hiki: "Ni mwepesi, Mapendo. Mwepesi sana. Mtu yeyote angejua."

Yaliyofuata aliyaandika Bonaventura kwenye barua. Walimbeba mama kwenye tipoyi, kile kiti cha mianzi, vijana wanne, na mawe yake mawili mapajani, mpaka Ngazini. Hapo tipoyi haipiti. Mama alishuka, akashika mwamba, akajaribu kuanzia jua la asubuhi mpaka likawa utosini. Goti halikupanda. Basi akaketi kijitoni akawaelekeza: pandeni mpaka mtakapoona shimo la nyuki, geukeni upande wa ziwa, hesabuni hatua za mwanamke, si za mwanamume. Vijana wakapanda na mawe. Wakarudi upesi, wakasema wamepata, wameyaweka. Bonaventura aliandika kwamba mama aliwashukuru mmoja mmoja, lakini hakuwaamini, kwa sababu shimo la nyuki peke yake ni mbali kuliko muda waliotumia. Mvua zikaanza, mteremko ukalimwa. Kama jembe liliwafikia au halikuwafikia, hakuna ajuaye. Mama alifariki mwezi wa nne uliofuata, kwa homa, akazikwa chini kwenye tambarare, mbali na mumewe na mwanawe kwa mlima mzima. Mimi sikuwahi hata maziko.

Agosti hiyo Daktari Hamdani alikuja tena. Katika masanduku yake kulikuwa na kaboksi kadogo, kameandikwa kwa kalamu nzito: ELIDA, KIGOMA. Ilikuwa saizi yake hasa. Hakuna aliyekumbuka kumjulisha. Feliksi alikapokea, akasimama nako koridoni mpaka Melania akamkalisha.

Chuma kile hakikutupwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Bangwe, Asia, muuza dagaa, mwembamba vilevile. Feliksi alimpiga picha yeye mwenyewe. Akamwomba radhi, akafunua kitenge, akaibandika golori ubavuni mwa goti kwa plasta, akainama mpaka jicho lake likawa usawa wa mfupa, akahakikisha. Siku hizi anafanya hivyo kwa kila mtu, awe mama wa padri au mke wa shehe, na wapo waliomlalamikia. Kipimo cha Asia kikatoka sitini na tatu, na chuma cha mama kikawa chake.

Sasa huwa namkuta Asia asubuhi akitoka ziwani, beseni la dagaa kichwani, akipandisha kile kilima cha Bangwe. Hajui lolote, na sina haja ya kumwambia. Namsalimu, "Shikamoo mama, goti linaendeleaje?" Ananijibu, "Marahaba mwanangu, namshukuru Mungu, kama si langu."

Hunipita akaendelea. Nami nasimama palepale barabarani, namtazama akipanda mpaka juu kabisa.